Maneno Matatu ya Kungoja

Tangu Bwana Ono aanze kuja nyumbani kumfundisha Hajar Kijapani, Nunu hakukosa darasa hata moja. Kijapani chenyewe hakujua ndewe wala sikio. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na alikuwa na hakika kwamba mhandisi huyu mwembamba wa kampuni ya gesi anataka kumchukua binti huyo ampeleke kwao, yeye abaki peke yake Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, akizungumza na kiyoyozi.

Basi mlango wa sebule uliachwa wazi, naye akakaa pembeni akishona kofia ya viua ya Aflah, mtoto wa kaka yake wa Ansab, aliyemchagulia Hajar kimoyomoyo. Bwana Ono alikuwa amesilimu mwaka uliopita, mwaka 1997, na hilo nalo Nunu alilitilia shaka. Mtu husilimu bure?

Jioni moja wakafika kwenye maneno ya jambo lililokawia hata likatokea. Sisi tunaridhika na neno moja, "hatimaye". Wajapani, kumbe, wana kabati zima. Hajar akawa anamfasiria mama yake bila kuombwa, na ukarimu huo ukamtia Nunu wasiwasi zaidi. "Yatto" ni pale ulichokitamani na kukihangaikia kimefika, ukashusha pumzi. Nunu akaliona akilini lori la maji likiingia mtaani baada ya mabomba kukauka. "Tsui ni" maana yake saa yenyewe kuwadia, iwe ya heri au ya shari. "Tōtō" ni jambo lililoburutwa mpaka likaishia lilikoishia, aghalabu si kuzuri, kama friji yake kuukuu ilivyougua mpaka ikafa.

Aliyaelewa upesi, na kwa kuyaelewa akazidi kushuku. Mbona kila mfano wa mwalimu una mtu anayemngoja mtu? Hakuna gari Japani, hakuna mvua? Tena mgeni huyu hakuwahi kusifu kitu humo ndani, si kahawa wala zulia. Mtu asiyesifu ana lake.

Darasa la mwisho kabla ya Ramadhani, Bwana Ono akafunga kitabu, akaitazama kofia, akasema kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba ni nzuri mno. Nunu akajibu kabla hajafikiri, kama ajibuvyo yeyote aliyelelewa: "Karibu, yako hiyo."

Kila mtu anajua kuwa hiyo ni adabu tu. Unashukuru, na kitu unakiacha kilipo. Bwana Ono aliipokea kwa mikono miwili, akaivaa, akasema chini chini, "Yatto."

Nunu akalitambua neno lenyewe. Angesema neno jingine lolote, hata lile la friji, angemsamehe kwa ugeni. Lakini mtu aliyepata kofia kwa bahati hashushi pumzi namna ile. Katika ukoo wao kofia ya kushonwa na mama wa msichana huvaliwa na mkwe tu. Bwana Ono alikuwa ameambiwa hilo, na aliyemwambia alikuwa amekaa pale pale akitazama kucha zake.

"Umemfundisha wewe," alisema Nunu.

"Ningekuomba ungekataa, mama."

Angekataa, kweli. Sasa ameshatoa kwa mdomo wake, na kumvua mtu kichwani ni aibu isiyofutika. Alikasirika, na chini ya hasira aliiogopa sana nyumba ile bila Hajar.

"Haya, nimetoa," alimwambia Hajar kwa Kiswahili. "Lakini anayeivaa ataishi hapa hapa Maskati. Mwambie."

Hajar hakufasiri. Nunu akangoja, kisha akamgeukia mgeni mwenyewe, akamuuliza kwa Kiarabu chepesi kama atakaa.

Bwana Ono hakusita. Atakaa, alisema. Kazi yake iko hapa, na kwao hana tena mtu anayemngoja. Alisema hivyo akimtazama Hajar, na Hajar hakuinua uso.

"Ni mimi nnotaka kwenda Japani, mama," alisema.

Nunu akaanza kuitafuta sindano yake kwenye zulia, apate pa kutazama.