Sikukuu ya Jabali

Fundi cherehani alimsumbua kaka yake tangu mvua za kwanza: kaburi la baba lilikuwa limebaki ukingoni kabisa mwa jabali. Jabali lile lilimeguka kila mwaka na kuangukia ufukweni, na kila lilipomeguka wageni walifurahi, maana mawe yake yalijaa visukuku: konokono wa kale, meno ya papa, majani yaliyogeuka jiwe. Sherehe ya pwani ilikuwa ya kuyaenzi hayo. Mwenyekiti wake alikuwa huyo huyo kaka, ambaye mji mzima ulimwita Mheshimiwa ingawa hakuwahi kushinda uchaguzi wowote.

"Tutamhamisha, dada. Acha sherehe ipite kwanza. Nianze kufukua makaburi wageni wakiwa njiani?"

"Baba si kiti, useme utakisogeza baadaye."

"Haya, umeanza."

Mvua ikanyesha hadi alfajiri ya sherehe. Kulipokucha anga lilitakata, watu wakafurika ufukweni. Chini ya turubai, mtaalamu wa miamba, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliketi kuwaeleza watu umri wa walichookota. Fundi alimsaidia kuosha mawe.

Mgeni mmoja akaja mbio, miguu imejaa tope, amekumbatia kofia yake kama aliyebeba mayai.

"Huyu lazima ni mnyama wa kale!"

Mtaalamu alichungulia, tabasamu likamtoweka. "Mfupa huu umeutoa wapi?"

"Pale palipoporomoka. Ipo mingi, watu wanaokota."

Fundi naye akatazama. Ulikuwa utaya, na jino moja la pembeni lilikuwa la fedha. Alilijua jino hilo. Baba yake alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kuhadithia kichekesho chake, na jino hilo lilikuwa la kwanza kuonekana.

Alivua mtandio, akaufunga utaya ndani yake, akakimbia. Chini ya jabali watu walikuwa wanachakura udongo kwa furaha. Kijana na mchumba wake walikuwa wanapigana picha na mfupa wa paja.

"Wekeni chini! Ni baba yangu huyo!"

Mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamwona uso.

Jukwaani, Mheshimiwa alikuwa katikati ya hotuba kuhusu urithi wa mamilioni ya miaka. Mtu alimnong'oneza sikioni. Akashuka na suti yake, akaja, akapiga magoti kwenye tope.

"Dada, mimi..."

"Okota."

Wakaokota mpaka bahari ikajaa, maji yakawafika magotini. Huko juu mwamba ulianza kutoa mlio wa kupasuka, na mtaalamu akawavuta wote wawili kwa nguvu.

Nyumbani, mama yao, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu, alikuwa kitandani karibu na dirisha.

"Mbona muziki umekatika mapema?"

Mheshimiwa alitazama sakafu. Fundi ndiye aliyemweleza. Mama alishikashika pindo la shuka.

"Mmempata kamili?"

"Ndiyo, mama," Mheshimiwa akawahi.

"Hapana, mama," alisema fundi. "Mifupa mingine imekwenda na maji."

Mama akageukia ukutani. "Na mimi mtanizika wapi?"



Kesho yake walimzika baba upya, mbali na bahari, katika kaburi fupi kama la mtoto. Mheshimiwa alilichimba peke yake. Dada yake alisimama pembeni akimwangalia, na hakumpokea jembe hata alipoona viganja vyake vinatoka damu.