Ndoo ya Bibi Harusi wa Valencia

Yaani samaki wa Bibi walikuwa wanakufa, na wifi yangu yuko Valencia anachagua viatu vya harusi!

Ngoja nianze vizuri. Kwetu Qingtian, huku China, samaki wekundu tunawafuga humo humo kwenye majaruba ya mpunga, na binti akiolewa anakuja na ndoo ya vifaranga wa kwao. Bibi alikuja hivyo. Lakini siku hizi vijana wako Ulaya, wanaoana huko huko. Jaruba letu halijaona samaki mgeni tangu mama aolewe.

Mtaalamu kutoka mjini Hangzhou aliwapima samaki wetu, akatikisa kichwa. "Bibi, hawa wote wamerithi kinga ya aina moja. Ni kama kijiji kizima kinafunga milango kwa ufunguo mmoja. Ugonjwa ukiupata huo ufunguo, umeingia kila nyumba."

"Sasa watoto wangu wakirudi nitawapikia nini, kufuli?" Bibi akamjibu. Hiyo ndiyo hofu yake: samaki wakiisha, watu watarudi nyumbani kufuata nini?

Nikampigia kaka Zhaolin video kule Valencia, Bibi akamdai ndoo ya bibi harusi.

"Bibi, harusi iko hotelini! Ndoo niiweke wapi, kwenye lifti?"

"Kaa na lifti yako! Nipe mkwe wangu."

Mchumba wake, Suyin, akachukua simu. Akasema kwao, ng'ambo ya mlima, nyumba imefungwa, ila jirani bado anawalisha samaki. "Wifi, nenda ukanichukulie wewe."

Nikawasha pikipiki. Nilipofika tu, Suyin akapiga video, akaomba nimwoneshe kwao. Nikazungusha simu: mlango, ngazi za mawe, jaruba.

"Kushoto kidogo. Hapo hapo. Usiongee."

Nikaishikilia simu hapo hapo. Mkono ukafa ganzi. Nyuma ya Suyin mtu alikuwa anamwita kwa Kihispania, anamwita tena, na yeye haitiki.

Jirani akanijazia ndoo vifaranga, akaifunga kwa kitambaa chekundu. Nikarudi polepole, maji yananirukia mapajani.

Bibi hakuwamwaga. Aliiweka ndoo ndani ya jaruba wazoee maji kwanza, akachuchumaa pembeni. "Karibuni," akawaambia. "Kwenu ni mbali, najua. Hata mimi nililia."

Joto lilipokuja, ugonjwa ukarudi. Wa kwetu wengi wakafa, nikawazika chini ya mpunga. Waliobaki wakachanganyikana na wageni, na mwaka uliofuata, we! Vifaranga kibao, wekundu wenye madoa meusi, wanakimbizana kama wendawazimu. Nikawarekodi, nikamtumia wifi. Akajibu kwa kurekodi sauti, anacheka huku anapenga kamasi: "Hao wana sura ya kwetu."

Bibi akaisikiliza mara mbili.

"Hajasema wanakuja lini?"

"Hajasema, Bibi."

Akatazama maji.

"Basi mwaka huu hatuvui hata mmoja. Waache wakue."