Mizabibu Inayopiga Miayo

Usiku wa kuamkia leo niliota mizabibu ya marehemu bibi imekuja nyumbani na kupanga foleni nje ya chumba changu, kila mmoja ameshika nguzo yake mkononi kama mkongojo. Sikushangaa. Nilichouliza ni nani amewafungulia geti.

Kabla sijaendelea, ngoja niseme kwa nini nililala vibaya. Leo asubuhi trekta lilikuwa lije kung'oa shamba letu la zamani hapa Mpunguzi, lile alilolipanda bibi yetu Sechelela kwa jembe la mkono huku baba yangu akiwa mgongoni. Tangu baba na bibi watutoke tumegawana kazi: kaka yangu Sajilo ana shamba, mimi Nyemo nina mapipa na chupa. Hatujawahi kugombana mpaka juzi.

Sajilo anasema mizabibu imezeeka. Vichala vimekuwa vidogo, majani yana rangi ya ugonjwa, bora ing'olewe tupande miche mipya. Nikasema haing'olewi. Akasema, "Nyemo mdogo wangu, nipe sababu. Moja tu. Ukinipa, trekta nalirudisha mimi mwenyewe."

Sikuwa nayo. Nilikuwa na kichwa kigumu tu, na kichwa kigumu si hoja. Lakini niliapa pale kitandani kwamba sababu nitaitafuta hata usingizini, na usingizini ndiko nilikokwenda.

Basi, mbele ya foleni alisimama yule mzabibu mkubwa wa karibu na kisima, shina limejikunja, udongo umemjaa miguuni. Nikamwamkia kwa Kigogo, maana ni mkubwa kwangu.

"Mbukwenyi."

"Mbukwa, mjukuu wetu," akaitikia. "Tumesikia habari za trekta. Tumekuja kukupa sababu."

"Nipeni basi, kunakaribia kucha."

Akafungua mdomo. Badala ya neno ukatoka mwayo, mwayo mrefu wenye harufu ya udongo wa mvua za kwanza. Aliyekuwa nyuma yake akaambukizwa, naye akampa wa tatu, ukaenda hivyo foleni nzima mpaka getini, na getini mbwa wetu naye akapiga wake.

"Nilikuwa nasema nini?" akaniuliza.

"Sababu."

"Aa. Imenitoka. Hebu kaulize watoto wetu."

"Watoto wenu akina nani?"

"Si hao unaowafungia chupani," akasema, na wote wakageuka wakaondoka, nguzo zikigonga sakafu.

Navaa kandambili, nafungua mlango. Upande wa pili hakuna ukumbi. Kuna ghala langu la mvinyo, ila mtu ameingiza makochi na kuyatandika vitambaa vya kufuma, kama vile tunasubiri washenga. Sisi tunatengeneza mvinyo wa aina nne, na wote wanne wamekaa.

Mweupe yuko kwenye ukingo wa kochi, anachezesha mguu. "Mimi usiniulize, shangazi," anasema. "Mimi natakiwa ninywewe mapema. Nikianza kufikiri naharibika."

Rozi, yule wa rangi ya waridi, anadakia kabla sijamgeukia. "Na mimi nilikaa na maganda mekundu muda mfupi tu. Waliyoyasema kabla sijafika na baada ya kuondoka sikuyasikia. Usinitie kwenye ushahidi."

"Hamna aibu," nawaambia. "Mama zenu wanang'olewa leo."

"Inauma sana," anasema Rozi, na kweli anaonekana imemuuma, nusu.

Namwendea Nyekundu Mkavu. Huyu ndiye tegemeo langu, ndiye aliyekaa pipani kuliko wote. Nazibua kizibo, na linatoka vumbi. Linatoka vumbi jekundu la barabarani, linatua kwenye vitambaa, naye anakohoa mpaka kochi linasogea.

"Maji," anasema.

"Makubwa haya! Wewe mvinyo, unaomba maji?"

"Shangazi, nani aliyeandika Mkavu kwenye lebo? Si wewe? Mimi nafuata ulivyoandika."

Namletea maji kwa kata. Anakunywa yote, anashukuru, anasema hakumbuki chochote. Namwomba radhi kwa sababu ya lebo, naye anasema hana kinyongo.

Amebaki Tamu, ile divai inayokwenda kanisani. Amekaa peke yake kwenye kiti cha mbao, hasemi mpaka watu wote wasimame. Nasimama. Wengine nao wanasimama, Mkavu kwa kujivuta.

"Sababu naijua," anasema Tamu. "Niliionja."

"Bwana asifiwe! Itaje basi."

"Siwezi. Kanuni ya kuonja unaijua mwenyewe. Unaonja, unatema. Niliitema."

"Uliitemea wapi?"

"Panapotemewa," anasema, na anatuashiria tukae.

Pembeni ya meza ipo ile ndoo ninayowawekea wageni wanaokuja kuonja. Hapo mtu mwingine angesema yamenishinda, akageukia ukutani, akaota kitu kingine. Mimi nikishikia bango jambo silitui, na sikuona kwa nini nianze kulitua ndotoni. Nikapandisha gauni langu la kulalia, nikaingia ndani ya ndoo, mguu wa kulia kwanza.

Ndani ya ndoo ni mchana na jua linachoma. Ni shambani kwetu. Mizabibu imesharudi kwenye mistari yake, imechomeka nguzo zake, imejinyoosha kwenye waya. Na mwisho wa mstari limeegeshwa trekta jekundu, linachokonoa meno ya jembe lake kwa kijiti.

"Shikamoo, dada," anasema Trekta.

"Marahaba. Umewahi."

"Mimi nimetumwa tu. Sina ugomvi na mmea. Hata nyumbani kwangu nafuga maua."

Namwambia hawa hawang'olewi, na kwamba akitaka kuanza aanze na mimi. Nasimama katikati ya mstari, mikono kiunoni, kandambili moja imebaki kwenye ndoo. Anazunguka kushoto, nazunguka kushoto. Anarudi kulia, nipo. Mwishoni anashusha pumzi ya moshi.

"Dada, wewe mbishi. Nikuambie kitu kimoja. Mimi tangu kiwandani nilifundwa kwamba aliyelala harukwi. Kumruka aliyelala ni mkosi, na tena si adabu. Hawa wako macho. Wangekuwa wamelala, ningefanya nini? Ningerudi."

Kumbe kazi yenyewe ndogo! Nawageukia mizabibu. "Jamani, laleni! Laleni haraka!"

Wanafumba macho, na wanaonekana walikuwa wakiingoja ruhusa hiyo kwa muda mrefu. Majani yanaanza kugeuka manjano. Moja linadondoka, la pili linadondoka. Yule mkubwa wa karibu na kisima ameshaanza kukoroma, ndipo nasikia: kacha! kacha! kacha!

Ni mkasi wa kupogolea. Unakuja mbio katikati ya mistari kwa miguu yake miwili, unapiga kelele. "Amkeni! Amkeni! Msimu umeanza!"

Unamkata yule mkubwa kwenye ncha. Anashtuka. Pale alipokatwa panatoka maji, tone kwa tone, kama mtoto aliyeamshwa kwa kofi. Na papo hapo, bado analia, anachipua. Mkasi unakwenda kwa wa pili, naye hivyo hivyo, analia na kuchipua.

"Wee mkasi! Ishia hapo hapo!" Naukimbilia, naukamata mpini. "Unawaamsha kwa nini?"

"Kazi, dada." Unahema. "Kaka Sajilo anataka mavuno mara mbili kwa mwaka. Jirani anavuna mara mbili. Na jirani wa jirani."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanua matanga ya bibi yenu."

"Na bibi alikuwa anakutumia vipi?"

Mkasi unatazama chini. Nauminya kidogo.

"Mara moja kwa mwaka," unasema. "Akishavuna ananipaka mafuta, ananilaza kwenye debe, ananifunika. Anafunga koki ya maji. Halafu anawakataza nyinyi."

Hapo nikakaa chini kwenye mchanga wa moto. Kweli alikuwa anatukataza. Kila baada ya mavuno bibi hakuruhusu mtu apite kwenye lile shamba na viatu. Ukicheka kule unafinywa sikio. Ukiimba unafinywa yote mawili. "Nyamazeni," alikuwa anasema, "wamelala." Sisi tulidhani anasema mizimu, tukawa tunapita mbio huku tumeziba midomo. Tulipokua tukadhani ni uzee, tukawa tunachekea jikoni. Alipokufa hakuna aliyeuliza. Tulivaa viatu, tukafungua koki, tukautoa mkasi kwenye debe.

Niliona uchungu hata nikashindwa kuutazama ule mstari.

"Sisi si wazee sana, mjukuu," akasema yule wa karibu na kisima, maji bado yanamtiririka. "Kuna wenzetu nchi za baridi wametuzidi umri mara mbili, na wanazaa. Kwao theluji ikija inawalaza, watake wasitake. Huku kwetu jua ni lile lile mwaka mzima. Ukitufungulia maji, tunaamka. Ukitukata, tunaamka. Asipotulaza mtu, hatulali."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Ndiyo hiyo. Nilitaka kukwambia kule chumbani, ila nilikuwa nasinzia."

Nikainuka. Machozi nikayafuta kwa mkono, maana huo haukuwa wakati wake. Ile kandambili iliyobaki mguuni nikaivua. Nikaenda kwenye koki, nikaikuta ngumu imeshika kutu ya kuachwa wazi, nikaizungusha kwa mikono miwili, ikagoma, nikaizungusha kwa meno, ikafunga. Mkasi nikautia kwapani, nikaubana.

"Unanibana, dada."

"Lala na wewe."

Napita mstari kwa mstari. Kila mzabibu namshusha bega, namlegeza vikono kwenye waya, namwambia usiku mwema ingawa ni mchana. Wengine hawaamini. Mmoja ananiuliza kama namtania, na kama Sajilo ana habari. Namwambia Sajilo niachie mimi.

Nageuka, namwona Trekta ananifuata. Amevua magurudumu yake, ameyakumbatia kifuani, anatembea kwa ncha za ekseli ili asitoe kishindo. Jani likidondoka anasimama, anasubiri litue.

"Huyu hapa bado," ananong'ona, ananionyesha mmoja aliyefumbua jicho. Nakwenda kumlaza.

Mwishoni shamba lote limekuwa la manjano, na linakoroma taratibu kuanzia kisimani mpaka kwenye mipaka. Mkasi umelala kwapani. Trekta ananiinamia sikioni.

"Dada, sasa mimi nitaondokaje? Injini yangu ina kelele."

Nafikiri sana. Ni swali gumu. Nikiwa bado nalifikiri, nikaamka.

Jua lilikuwa limeshachomoza. Nilisikiliza trekta, sikusikia kitu. Nikajua limekuja, limemaliza, limeondoka. Niliruka kitandani, nikatoka hivyo hivyo miguu mitupu, kanga moja kiunoni, sababu yangu nimeishika mdomoni isije ikanitoka kama ilivyomtoka yule mzabibu wa kisimani. Nilipishana na mbwa, nikaruka mfereji, nikafika ukingoni mwa shamba nikiwa sina pumzi.

Mizabibu ilikuwa imesimama, yote. Trekta lilikuwa mbali kule barabarani, limezimwa. Sajilo na dereva wake walikuwa wamesimama ukingoni wakilitazama shamba.

"Kaka!" nikapaza sauti. "Sababu ninayo!"

Sajilo akageuka haraka, akaweka kidole mdomoni. "Shhh."

Dereva akanisogelea. Ni mwanamume mzima, na viatu vyake alikuwa amevishika mkononi. "Shikamoo, mama," akaniambia kwa sauti ya chini sana. "Samahani kwa kuchelewa kuanza. Injini nimeizima kule barabarani. Sijui nieleze vipi. Nimefika hapa, nimeona kama si ustaarabu."

Nikamtazama kaka yangu. Buti zake zilikuwa kando ya njia, zimepangwa vizuri pamoja, na miguu yake mitupu ilikuwa kwenye mchanga. Sajilo haoti ndoto. Tangu utotoni husema yeye akilala, amelala.

"Kaka," nikasema, sasa na mimi polepole, "mbona unanong'ona?"

Akafikiri. Akajikuna shingo, akashika sikio lake moja, lile la kulia, kama linamuuma.

"Sijui," akanong'ona. "Haya, sema sababu yako. Lakini usipige kelele."

Nikamnong'oneza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akapita katikati ya mistari kwa ncha za vidole, akaenda kufunga koki.