Kioo cha Mbele cha Soud

Mwaka wa pili baada ya uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi, hapa Mtambile tulikuwa tumeshagawana kila kitu: maduka, mabaraza, hata maziko. Soud, dereva wa pikapu ya kubebea karafuu, alikuwa chama hiki, pamoja nami. Bi Fakhriya, mjane mwenye duka ng'ambo ya njia, chama kile. Miaka miwili hawakupeana salamu.

Asubuhi moja Soud alikuwa akirudi kutoka Mkoani, jua limemkabili. Kioo cha mbele kilijaa michirizi, na mwanga ulipokipiga kikawa cheupe kama tui. Hakumuona Mzee Jaribu juu ya baiskeli mpaka alipokuwa karibu kumgonga. Mzee aliangukia mtaroni.

"Hunioni, Soud?"

"Wallahi sikukuona, mzee wangu. Nisamehe."

Mzee hakuumia, lakini Soud alipofika nyumbani hakuingia ndani. Akachukua ndoo, akatia sabuni nyingi, akaanza kusugua kioo palepale juani. Akifuta huku, povu linakauka kule. Mara tatu alirudia, na michirizi ikazidi.

Bi Fakhriya alikuwa akimtazama kutoka dukani. Mwisho akashindwa kunyamaza.

"Soud! Hicho hukisafishi, unakipaka."

Soud akageuka. Wenzake wa chama walikuwa barazani wakiangalia.

"Nifanyeje, Bi Fakhriya? Leo nimekaribia kuua mtu."

"Subhanallah! Litoe gari juani kwanza. Lilete hapa kivulini kwangu."

Akalileta. Bi Fakhriya akatoka na kopo la maji yaliyotiwa siki kidogo, kitambaa cha fulana kuukuu na gazeti. Wakaondoa vumbi na sabuni kwa maji matupu, wakapangusa hata mipira ya waipa, iliyokuwa myeusi. Kisha kitambaa chenye siki, na mara moja, kabla kioo hakijakauka, gazeti kavu lililofinyangwa.

"Nje futa kwa kulala, kushoto kwenda kulia; ndani futa kwa kusimama, juu kwenda chini," alisema. "Mstari ukibaki, utajua uko upande gani. Na weye ndani hufuti kabisa, ndiyo maana."

"Umejifunza wapi haya?"

"Marehemu mume wangu kaendesha gari miaka ishirini. Kioo chake nikisafisha mimi."

Soud akaketi nyuma ya usukani. Akaiona njia yote, mpaka majani ya mikarafuu kule mbali. Akawasha gari, akalirudisha kwake.

Tangu siku ile hakuondoka bila ya kufuta kioo. Wiki ya tatu, alasiri, mkewe Mwatum alishikwa na uchungu. Soud akampakia kwenda hospitali Mkoani, jua la magharibi machoni. Penye kona, ng'ombe alikuwa amekata njia, na nyuma yake mtoto wa kike akivuta kamba. Soud aliwaona mapema, akafunga breki taratibu, Mwatum hata hakutikisika. Mtoto akapita. Kabla ya magharibi Mwatum akajifungua salama, binti.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Soud alivuka njia mbele ya macho ya wote.

"Shikamoo, Bi Fakhriya."

"Marahaba, mwanangu. Mwatum hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillah. Nimekuja kukushukuru. Roho mbili nimefika nazo salama, na ya tatu nimeipisha njiani. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa."

Bi Fakhriya akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nshalipwa," akasema. "Umenisalimia."

Barazani wawili wakaacha kuzungumza na Soud. Hakujali. Mwezi uliofuata ndugu yake Bi Fakhriya alifariki, na watu wa chama chetu wakakaa majumbani. Soud alikwenda, akatia bega chini ya jeneza. Mzee Jaribu, aliyekuwa wa chama chetu vilevile, akamfuata. Nami nikavaa kofia, nikatoka.