Mng'ao Unaotembea

Eustache alikuwa na jicho moja tu, na hilo moja lilitosha kuwaaibisha mafundi wote wa Kicukiro wenye mawili. La kushoto lilitobolewa na kibanzi cha mbao angali kijana. Mwenye macho mawili huitazama meza iliyopigwa vanishi mara moja tu akajua kama inang'aa. Yeye ilimbidi atikise kichwa. Alisimama mbele ya mbao akapeleka shingo kushoto, akaipeleka kulia, mbele, nyuma, kama kuku anayetafuta punje. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Nkoko, yaani kuku, naye hakununa, kwa sababu kila palipokuwa na kabati la maana, kuku huyo ndiye aliyeitwa.

"Angalia ile weupe iko juu ya mbao," aliwafundisha vijana. "Sogeza kichwa. Kama inatembea na wewe, iyo ni kungaa. Kama inabaki pale pale, iyo ni doa."

Novemba ya mwaka wa tisini na mbili alikuwa akipiga vanishi meza ya binti yake, Kaliza. Gasana, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ndiye mwenye karakana, alikuwa ameichonga kwa mbao nyekundu ya libuyu. Bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu. Vyombo vyake hupangwa uani, wakwe wakavitazama kimoja kimoja, na midomo haikosi la kusema. Sufuria, magodoro na vikapu walitoa ndugu. Eustache, mjane asiye na ng'ombe, alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa mwanawe, nacho ni mkono wake. Alitaka wakwe waione meza ile wajue Kaliza ni mtoto wa nani.

Lakini kuna jambo hakumwambia mtu. Tangu Pasaka, jicho lake lililobaki lilikuwa limeingiwa na ukungu. Daktari alisema ni kovu, na kwamba kovu hilo halina dawa. Eustache alimshukuru, akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Watu aliwaona, njia aliiona. Ukungu ni ukungu tu, alijiambia, na kazi yake haikuhitaji zaidi ya hapo.

Siku mbili kabla ya harusi mvua ilinyesha kutwa. Unyevu ukaingia kwenye vanishi mbichi, na meza nzima ikapauka kama mguu usiopakwa mafuta. Ni aibu ndogo, fundi yeyote huiondoa kwa pamba na spiriti kidogo. Eustache alisimama mbele yake akatikisa kichwa. Weupe ukatembea. Alipokwenda kushoto ulikwenda naye, aliporudi kulia ulirudi naye, mpana, laini, haujawahi kutokea mng'ao kama ule. Machozi yalimlengalenga.

"Iko tayari," alisema.

Gasana aliinama juu ya meza. "Muzee, nipige mukono moja tena? Spiriti iko."

"Gasana, nani alikufundisha?"

"Ni wewe, Muzee."

"Basi sogeza kichwa."

Gasana akasogeza. Akakohoa. "Yego, Muzee. Iko muzuri." Ndivyo alivyomvika mwalimu wake kilemba cha ukoka, na sijui mimi ningefanya nini mahali pake.

Jumamosi wakwe walifika uani kwa Eustache, kule Niboye, viatu vimejaa tope. Vikapu vilisifiwa. Magodoro yalibonyezwa. Kisha Béatha, shangazi wa bwana harusi, akafika kwenye meza, akapitisha kiganja chake juu yake, akakigeuza kukitazama.

"Mama, sogeza kichwa, utaona," Eustache alimwambia, kifua mbele. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

Kaliza alitoka ndani amevaa vazi lake la harusi. Eustache alisikia hatua zake zikisimama ghafla. Binti akarudi ndani, akatoka tena na kitenge cheusi cha marehemu mama yake, akakitandaza juu ya meza, ukingo hadi ukingo. Katika nyumba ile hilo lilikuwa kosa kubwa. Meza aliyoipiga vanishi Eustache haikufunikwa kamwe, hata Krismasi.

"Kaliza, unafunika nini?"

"Ni vumbi, Papa. Isiharibike."

Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Vumbi litoke wapi? Eustache alifungua mdomo amkaripie, na hapo akakitazama kitenge. Kiling'aa. Pamba tupu, iliyofuliwa mara mia, iling'aa kama meza, weupe ule ule, upana ule ule. Alitikisa kichwa, nao ukatembea. Akatazama tope la uani: liling'aa. Akatazama koti kuukuu la Gasana, akatazama ukuta wa udongo. Kila alipogeuza shingo mng'ao ulimfuata. Akalisugua jicho, nao haukuondoka.

Akamvuta binti yake kando. "Niambie. Iko inangaa?"

Kaliza akamshika mkono. "Iko inangaa, Papa."

Eustache alitaka kuomba pamba na spiriti, papo hapo, mbele ya wakwe wote. Vidole vyake bado viliijua kazi. Lakini nani angeviambia visimame wapi? Jicho la kuazima hakuwa nalo, na la kwake lingesema ndiyo kwa kila kitu mpaka afe.

"Bebeni," alisema.

Wanaume wanne wakaiinua meza pamoja na kitenge chake. Ilipokuwa inatoka langoni, Eustache aliisindikiza kwa kichwa, kushoto, kulia, kama alivyozoea. Gasana, aliyekuwa kando yake, alitazama chini.