Mwenyekiti wa Kesi Yake

Ukitaka kujua dunia imeharibika, nenda kasome sheria na siasa kwa pamoja. Rachida wa Bungulu, mtaa wa Beni, alizisoma huko Butembo, na siku ya kutetea kazi yake ya mwisho ndipo alipogundua kwamba masomo hayo mawili hayajawahi hata kusalimiana.

Kabongo, profesa wa sheria, alifika na kanuni za chuo kwapani. Germaine, profesa wa siasa, alifika na kikohozi cha kuwanyamazisha watu. Mbele yao palikuwa na viti vitatu, na kila mmoja alikitaka cha katikati, cha mwenyekiti. Hakuna aliyekubali kukaa pembeni ya mwenzake. Basi wakasimama tu, wamenuna.

Rachida akaitazama saa. Asipotetea leo, anarudia mwaka. Na baba yake, Nassoro mwenye malori, alikwisha apa kwamba mwaka mwingine hakuna, binti ataenda kuuza vitenge na shangazi yake. Mzee alikuwa amejaza lori zima jamaa kutoka Beni, akina mama wamevaa sare, na masufuria ya pilau yamefungwa kwa mataulo. Desturi ni desturi: mfuniko haufunuliwi kabla matokeo hayajatangazwa.

"Baprofesa, njaa inatuua," Nassoro akasema. "Gari moya, chauffeur moya tu wa kuendesha. Muchague!"

Kabongo akafungua kanuni zake, akasoma, akakunja uso. "Règlement inasema président atoke mu filière zote mbili, ya sheria na ya siasa."

"Donc si miye, si weye," Germaine akasema. "Nani iko na zote mbili?"

Macho yote yakamgeukia Rachida. Mwanafunzi mwingine pekee wa masomo yote mawili, Jephté, aliyekuwa atetee baada yake, alikuwa bado mjini akitafuta koti la kuazima.

"Miye? Mais ni défense yangu, miye ndiye natetea!" Rachida akalia. "Na kazi yangu yote inasema mutu hawezi kujihukumu ye mwenyewe!"

"Uko na haki kabisa," Kabongo akasema kwa huzuni. "Mais règlement ni règlement."

"Na mu politique," Germaine akaongeza, "kiti hapana kukatala."

Rachida akakaa kwenye kiti cha katikati. Akajiuliza swali gumu kwa sauti, akainuka, akazunguka meza kulijibu, akarudi kitini na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kabongo alipoinua mkono kupinga, Rachida alimtazama tu, na profesa mzima akaushusha. Rachida aliona aibu kidogo na raha nyingi. Akajipa grande distinction, alama za juu sana. Vigelegele vikapanda, masufuria yakafunuliwa.

"Binti yangu, toka pale tukule," Nassoro akasema.

"Mukule tu, papa. Séance haiyafungwa, kikao kingali."

Walikuwa wakilamba vidole Jephté alipoingia mbio, koti limempwaya mabegani. Huyu ndiye aliyemwandikia Rachida masomo yote alipolazwa na malaria, na Rachida alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

"Félicitations, dada! Balinielezea yote pale inje." Jephté alikuwa anahema, anacheka. "Basi toka mu kiti, nijihukumu na miye."

Rachida akajiweka sawa kitini.

"Aïe, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Sheria inakataza."