Mbweha wa Sponji

Koti lilikuwa limelazwa kifudifudi juu ya meza ya kukatia, mikono yake imetandazwa huku na huku kama mtu aliyejisalimisha. Bi Sponji alilipapasa mgongoni, akalihurumia kidogo, kisha akalipindua ndani nje na kushika wembe. Manyoya hayakatwi kwa mkasi. Mkasi hula kitambaa na nywele pamoja, na nywele iliyokatwa hutambulika hata na asiyeona. Wembe hupita upande wa nyuma tu, polepole, kama mtu anayefungua barua isiyo yake.

"Ee Mola, uongoze mkono huu," alisema. Alisema hivyo kabla ya kila mkato wa kwanza, kwa sababu mkato wa kwanza haurudi.

"Anakusikia, shemeji," seremala alidakia kutoka mlangoni, randa mkononi. "Ila leo lazima anauliza: huyu mama wa makochi ana ugomvi gani na koti la watu?"

"Mwambie nimelitoa kwenye lundo la mitumba, bitana imechanika, halina mwenyewe."

"Nitamwambia. Na mbweha je? Nimwambie nini kuhusu mbweha?"

Bi Sponji aliendelea kupitisha wembe. Seremala alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Yeye alipiga fremu za makochi, naye Bi Sponji akazivika nyama na ngozi, na katika miaka yote hiyo hakuna siku Bi Sponji aliyomshinda kwa maneno. Njia pekee ya kumnyamazisha ilikuwa kumwacha acheke mwenyewe.

Habari ya mbweha ililetwa jana yake na binti wa Bi Sponji. Alifika mchana, viatu vimejaa tope kavu, akasimama kizingitini kama mteja aliyekuja kulalamika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jua limechomoza upande gani leo?"

"Mama, nina shida."

"Ungekuja na raha ningeshtuka."

Binti alikuwa ameiacha karakana miaka miwili iliyopita, akaenda kufanya kazi katika kituo cha kulelea wanyama wa porini walioachwa yatima. Bi Sponji hakuwahi kukanyaga huko. Kwa watu alikuwa akisema, "Mikono ya dhahabu ile, imekwenda kuosha vinyesi vya nguchiro." Alilisema kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mwiba, na waliomjua hawakucheka naye.

"Nataka unitengenezee uso wa mbweha," alisema binti.

"Uso wa nini?"

"Wa mbweha. Wa kuvaa. Ufanane naye kabisa."

Akaeleza. Mbweha jike alikuwa amegongwa na gari kando ya barabara, na ndani ya kalavati jirani, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, walikuta mtoto mmoja hai. Alipokuwa bado hajafumbua macho walimlisha bila tabu. Sasa amefumbua. Kila wanapomkaribia wakiwa wamejifunika shuka usoni, anaikimbia chupa na kujibana kwenye kona. Na bila shuka hawathubutu.

"Ofisini nimeomba wanunue kinyago. Wamesema bajeti imekwisha, nisubiri mwezi ujao. Mwezi ujao atakuwa ameshatujua sura wote, mpaka ya mpishi."

"Kwani akiwajua kuna ubaya gani? Mtoto anayelishwa amjue anayemlisha. Hiyo ndiyo heshima."

Binti alitazama chini. "Yule wa mwaka jana alinijua, mama. Nilimlea kwa mkono wangu. Tukamwachia porini, akatembea siku mbili, akafika kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona. Alipoona watu akatikisa mkia. Wakampiga kwa majembe." Akabandua tope kavu kiatuni. "Walituambia wenyewe. Eti alikuwa anatikisa mkia mpaka mwisho."

Bi Sponji aliokota mkasi, akaurudisha mezani.

"Haya," seremala aliokoa jahazi kutoka nyuma ya fremu zake, "mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Umetuletea nini?"

"Picha, baba mdogo," alisema binti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mbweha aliyekuwa pale alikuwa ametoka ukungu mtupu: masikio, pua, na katikati kitu cha rangi ya nyasi kavu.

Kwa picha hiyo Bi Sponji akaanza kazi. Koti lilikuwa na rangi ya maziwa, na mbweha si maziwa. Akachemsha majani ya chai mpaka maji yakawa meusi, akatumbukiza vipande, vingine akavitoa upesi, vingine akaviacha mpaka vikashika rangi ya mchanga. Kwa kichwa alichukua kofia ya sufu ya kuziba uso, ile wanayovaa walinzi msimu wa baridi. Juu yake akabandika vipande vya sponji vilivyobaki kwenye makochi, kimoja juu ya kingine, kisha akavichonga kwa kisu cha mkate: paji la uso, mashavu, na pua ndefu iliyochongoka. Sponji ilianguka sakafuni kama makombo ya keki. Kwa macho alikata vichujio viwili vya chai, vile vidogo vya waya, akavipaka rangi ya asali na kuweka mboni nyeusi katikati. Mvaaji aliona nje kupitia matundu, aliye nje hakuona ndani. Ncha ya pua ikawa ya ngozi bandia iliyobaki kwenye kiti cha mkurugenzi fulani. Sharubu akazing'oa kwenye fagio la plastiki.

Siku ya pili alasiri alivika manyoya, akayafunga kwa mishono isiyoonekana. Akarudi nyuma hatua tatu.

Seremala alikuja, akazunguka meza, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Sema," alisema Bi Sponji.

"Shemeji, kazi ni safi. Sitii doa. Lakini hapa umetengeneza kochi lenye masikio."

"Toka karakanani mwangu."

"Natoka. Ila nikikaa juu yake usinilaumu."

Alikasirika, hasa kwa sababu hata yeye aliliona kochi. Aliangalia mishono, aliangalia rangi, aliangalia picha ya ukungu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado ule uso ulikuwa umekaa kama mgeni aliyelazimishwa kupigwa picha.

Asubuhi iliyofuata akaubeba mwenyewe ndani ya foronya mpaka kituoni. Binti alimpokea langoni kwa kidole mdomoni. Huko ndani sheria ilikuwa moja: karibu na chumba cha mtoto, hakuna sauti ya mtu. Si neno, si kikohozi. Bi Sponji, ambaye hata kwa Mungu wake alizoea kusema kwa sauti, alijikuta anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku.

Binti akavaa uso, akavaa ovaroli, akashika chupa, akaingia kwa magoti. Ukutani kulikuwa na tundu lililozibwa kwa gunia, na kwenye gunia mwanya wa upana wa jicho. Bi Sponji akachungulia.

Mtoto wa mbweha hakuzidi kiatu kwa ukubwa. Alipouona uso aliinuka, akasogea hatua mbili akinyoosha pua kuelekea mdomoni mwa mgeni, akitafuta. Akatafuta. Kisha akarudi kinyumenyume, masikio yamelala, na kutoka kwenye kile kifua chembamba ikatoka sauti kama karatasi inayochanwa.

Binti alitoka, akafunga mlango, akavua uso. Wakaenda mpaka stoo ya chakula cha wanyama, na huko ndiko alikoruhusu machozi.

"Tangu jana jioni hajanywa chochote. Daktari amesema mwisho ni leo. Jioni tutamshika kwa nguvu, tumlishe hivyo hivyo. Na akishashikwashikwa na watu, basi. Maisha yake yote ni kwenye kizimba."

"Si kosa lako."

"Wala lako, mama. Umejitahidi."

Neno hilo lilimchoma. Umejitahidi ni neno wanaloambiwa walioshindwa. Bi Sponji alirudi peke yake, kimyakimya, akaweka tena jicho kwenye mwanya.

Safari hii hakuangalia mnyama. Aliangalia kitambaa. Ndivyo alivyoangalia kila kitu alichokielewa maishani: alikitafutia mshono, alikitafutia uelekeo. Mtoto alikuwa amejilaza, mwanga wa dirisha la juu ukimpiga usoni, na Bi Sponji akamfuata kwa jicho kama anayepitisha kiganja. Kuanzia kwenye pua, nywele zilikuwa fupi, zimelala kurudi nyuma. Zikapanda kati ya macho. Zikapanda paji la uso, zikagawanyika kwenye mashavu kama maji yanayopishana na jiwe, zikaelekea shingoni.

Zinapanda.

Alitaka kupiga kelele, akakumbuka sheria, akajiziba mdomo kwa upindo wa mtandio.

Mumewe alimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: malaika ya kitambaa, yaani zile nywele zake laini, hutazama sakafu. Velveti, manyoya, chochote chenye nywele, ukipitisha kiganja kutoka juu kwenda chini kiteremke kama maji. Fundi anayelaza kitambaa kwenda juu anarudishiwa kochi kabla ya juma kwisha. Sheria hiyo ilikuwa imemlisha miaka thelathini. Na kwa sheria hiyo alikuwa amechukua uso wa mbweha na kuuteremsha: nywele za paji zikaangukia machoni, za pua zikaning'inia juu ya midomo kama pazia. Mtoto alikuwa amekuja kutafuta mdomo wa mama yake akakuta pindo la kochi.

Alirudi stoo karibu na kukimbia.

"Nipe wembe!"

"Mama, nini?"

"Umpe mama yako wembe, maswali baadaye. Nimemvisha mbweha nyuma mbele."

Wakakaa juu ya magunia ya pumba, uso katikati yao. Bi Sponji akafumua, na kila kipande alichofumua akakigeuza kichwa chini miguu juu. Vingine vilikataa kuenea, ikabidi aviungeunge. Binti akavishika kwenye sponji huku mama akishona, na bila kuambiwa akaanza kuchambua kwa ncha ya sindano nywele zilizobanwa na uzi, mshono baada ya mshono. Mikono ile haikuwa imesahau. Bi Sponji aliiona, akaendelea kushona.

"Kwenye pua fupisha," alisema binti. "Pale mbweha ana manyoya mafupi kama mswaki."

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Haya, fundi. Nifupishe kiasi gani?"

Binti alimtazama kuona kama anataniwa. Hakutaniwa. Akaonyesha kwa kucha.

Saa saba walikuwa wamemaliza. Binti akaunusa, akakunja uso. "Unanuka gundi na chai." Akaenda akaleta nyasi zilizotolewa ndani ya lile kalavati, ambazo mbweha jike alizilalia siku zake za mwisho. Akausugua uso kwa nyasi hizo, ndani na nje, kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto mafuta. Halafu akauvaa na kugeuka.

Bi Sponji alirudi nyuma hatua moja. Nywele zilimsimama mikononi. Kwa muda wa pumzi moja, hapakuwa na binti pale.

Mara hii hakuchungulia. Alibaki amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa chumba, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akaomba bila midomo. Hakupata maneno mengi. Anywe. Anywe tu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Alisikia magoti ya binti yakitambaa. Alisikia kimya. Alisikia kucha ndogo zikigusa sakafu, zikasimama, zikagusa tena. Halafu ikaja sauti ndogo ya unyevu, ya kukatikakatika, ambayo mtu yeyote aliyewahi kunyonyesha haijui kwa masikio tu.

Mabega yake yakashuka yenyewe. Hakujua kwamba yalikuwa yamepanda siku tatu. Kicheko kikamjaa kifuani, akakishikilia kwa mikono miwili, akatikisika mzima bila sauti, machozi yakimwingia puani. Asante, alisema moyoni. Asante, asante. Halikuwapo neno jingine, wala halikuhitajika.

Binti alitoka na chupa tupu. Chini ya uso alikuwa ameloa jasho, macho mekundu, na hapo ndipo mama alipomwona jinsi alivyokonda.

"Atakula tena lini?"

"Baada ya saa tatu."

"Na wewe umelala lini?"

Binti alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Lete hiyo ovaroli," alisema Bi Sponji. "Nenda kajilaze."

"Mama, huwezi kusema neno humo ndani. Hata moja."

"Unanidharau?"

"Nakujua."

"Lete."

Saa tatu baadaye akaingia kwa magoti. Ndani ya uso palikuwa na joto, na dunia ilikuwa imekatwakatwa na waya wa kichujio katika miraba midogo. Katika miraba hiyo mtoto wa mbweha akaja. Hakusita. Akamnusa mdomo wa sponji, akaulamba, kisha akaikamata chupa kwa nguvu ambayo haikufanana na umbo lake. Alipokwisha alipanda juu ya paja, akazunguka mara mbili, akajikunja, akalala.

Maneno yakamjaa Bi Sponji, kama kawaida yake: pole, mwanangu, umeshiba, lala. Yote akayameza. Alikaa kimya, uso wake ndani ya uso mwingine, akihesabu pumzi ambazo hazikuwa zake.

Baadaye mlango ukabishwa kwa ukucha mmoja tu. Ilikuwa ishara ya binti: muda wako umekwisha, toka. Mguu wa Bi Sponji ulikuwa umekufa ganzi mpaka nyongani. Hakuusogeza.